Bomba Lililonyooshwa Juu ya Mwamba

Mbinga, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Skolastika,

Salamu tumepeana asubuhi uliponikuta natoa majani kwenye mtaro, kwa hiyo hapa nazipita. Mambo ya sweta, ya dawa, ya kutomwachia begi mtu usiyemjua mkifika Songea, mama yako ameshakuambia, na ninavyomjua atakuambia tena kesho. Mimi nina jambo moja tu. Nimelipatia nafasi sasa kwa kuwa mmekwenda kwa bibi yako kuaga, nyumba iko kimya, na mwanga bado upo wa kutosha hapa barazani.

Jumapili baada ya misa tulikuwa wawili kwenye kichanja, tunageuza kahawa. Ulinieleza kazi inayokungoja Omani: bomba la maji litoke visimani, lipite jangwani hadi kwenye makazi ya watu. Ukasema sehemu kubwa litafukiwa mchangani, lakini kuna mahali litapanda juu ya majabali ambako hakuchimbiki. Wahandisi wamegawanyika. Wengine wanataka lile gumu la PVC, la kijivu, linalokuja vipande vipande. Wengine wanataka jeusi la polithini, linalokuja limeviringwa. Ukasema mchanga wa huko mchana unaunguza mguu hata kama umevaa kiatu. Halafu ukaniuliza, "Baba, ungekuwa wewe, ungechagua lipi?"

Nilikuambia ngoja nimalize upande huu. Nikaumaliza, nikanawa mikono, nikaingia ndani, sikutoka tena hadi chakula cha jioni. Nilikuona ulivyonitazama mezani. Ulidhani nimechukia, au naona haya kwa kuwa wewe umesomea maji chuoni na mimi nilifundishwa kwa kubebeshwa spana za mafundi wa parokia. Sivyo, mama. Jibu la swali lako lina mtu ndani yake, na mtu huyo sijawahi kukutajia.

Aliitwa Edita.

Ulikuwa bado hujazaliwa. Mimi na mama yako tulikuwa tumefunga ndoa karibuni. Parokia ikanituma ziwani, kwenye kijiji kimoja kusini mwa Mbamba Bay, kujenga mradi wa maji ya mserereko: chanzo kiko juu mlimani, maji yanashuka yenyewe kwa bomba hadi kwenye tangi, na kutoka tangini yanakwenda kwenye vituo vya kuchotea. Nilishuka kule na mwili wangu wa Kimatengo uliozoea ukungu, nikakuta joto ambalo hata usiku haliondoki, linahamia tu kutoka nje kuingia ndani ya nyumba.

Nilipokewa kwa seremala mmoja aitwaye Damasi. Edita alikuwa mkewe, mwanamke mrefu, sauti nzito kidogo, aliyecheka akiwa amefumba mdomo. Alinitania tangu siku ya kwanza. Kati ya chanzo na kijiji kulikuwa na mwamba mpana, mtupu, umelala kama mgongo wa kiboko, hauoti hata nyasi. Nilijaribu kuchimba mtaro nikashindwa. Edita akasema, "Ninyi Wamatengo mnachimba mashimo ya ngoro mlima mzima, leo jiwe moja limekushinda?" Wakacheka, nami nikacheka. Bomba likalala juu ya mwamba, juani.

Mara ya kwanza nililaza la kijivu. Ndilo tulilokuwa nalo, jepesi kubeba, na gundi yake nilikuwa naifahamu. Kwenye mkutano wa kijiji wakaniuliza kama litastahimili. Nikasema litastahimili. Sikuwa nadanganya, nilikuwa nasema ninachokitumaini kwa sauti ya mtu anayekijua. Chini ya ardhi lilistahimili kweli, na nasikia lipo mpaka leo. Juu ya mwamba jua lililila. Lilianza kupauka, likawa jeupe kama mfupa uliotupwa, kisha likakauka. Siku moja mbuzi alilirukia likapasuka kama chungu. Nikaziba. Likapasuka kwingine. Nikawa mtu wa kupanda na kushuka mwamba ule na kopo la gundi, na watoto wakanipa jina ambalo sitaliandika hapa.

Mwisho parokia ikapata bomba jeusi. Weusi ule ni masizi yaliyochanganywa ndani, ndiyo yanayolikinga na jua. Hayo unayajua kuliko mimi. Nilifurahi kama niliyepewa ng'ombe. Hilo lilikuwa bomba sahihi, Skola. Shika neno hilo, kwa sababu watu wa kule wakisimulia mpaka leo wanasema bomba la kijivu ndilo lililoleta msiba. La kijivu lilikuwa limeshaondolewa pale mwambani. Siku ya msiba lililokuwepo ni lile sahihi.

Nililaza mchana, mwezi wa Novemba. Bomba lilikuwa na moto, tukalishika kwa matambara. Lilikuwa laini, limerefuka, linajipinda huku na huku kama nyoka aliyeshiba. Kwenye mafunzo tulikuwa tumeambiwa bomba hili liachwe na mipindo yake, kwa maana joto hulirefusha na baridi hulifupisha. Nilikuwa najua. Lakini watu walikuja kutazama, na nilikuwa nimechoka kuonekana fundi wa viraka. Lile bomba lilivyojikunja pale mwambani lilifanana na kazi ya mlevi. Nikawaambia vibarua wavute. Tukalivuta likanyooka kutoka kichwani mwa mwamba hadi miguuni, nikalibana kwenye kiungo cha chuma kule chini.

Edita alikuwa amepanda na chakula chetu, ugali wa muhogo na samaki aina ya mbasa. Akatua beseni, akatazama, akasema, "Limenyooka kama mstari wa mwalimu." Nilikula chakula kile kwa furaha ambayo mpaka leo naikumbuka. Katika yote, hiyo furaha ndiyo inayonirudia zaidi.

Maji yakaja. Mchana yalitoka ya moto, kwa kuwa bomba lilikuwa linachemka juu ya jiwe, na Edita akawa anatania kwamba nimeleta maji ya chai, bado majani tu. Wanawake wakawa wanaogesha watoto wachanga kwa maji hayo bila kuwasha kuni. Nawe utayaona hayo huko, na usiyacheke tu, uulize ni nani atakayeungua.

Sasa nikuambie kilichotokea kimya kimya, ambacho sikukiona hadi baadaye.

Kabla ya bomba, wanawake wa kijiji kile walichota ziwani, pale kijito kinapoingia, kwenye matete. Mamba walikuwepo. Kila mtu alikuwa na mtu wake aliyechukuliwa, au mtoto wa jirani. Kwa hiyo walikuwa wamejiwekea kinga zao: uzio wa magogo uliochomekwa majini, ambao wanaume waliukarabati kila mwaka, kwenda kwa kundi, asiwepo anayechota peke yake, na mmoja daima anasimama na mti mrefu akipiga maji. Bomba lilipokuja, hayo yote yakaachwa. Nani ataingia kwenye matope kubadilisha gogo wakati maji yako mlangoni? Uzio ukaoza. Njia ikaota majani. Tuliona ni maendeleo, nami nilijivunia.

Mwezi wa Juni ukaja na upepo wake kutoka milimani. Usiku mmoja ukapoa kuliko kawaida ya kule. Asubuhi nilisikia bomba la kituo kilichokuwa mbele ya nyumba ya Damasi likikohoa. Edita alikuwa amefungua, ndoo iko chini, hakuna kitu. Nikamwambia asubiri, nipande niangalie, maji yatarudi kabla jua halijawa kali.

"Watoto hawajala," akasema. "Wewe panda. Maji yako yakirudi utanikuta nimeshapika uji."

Akajitwika ndoo. Nikamwona akishika ile njia yenye majani. Sikufikiria lolote. Mawazo yangu yalikuwa kwenye bomba.

Nilipofika mwambani nilikuta limechomoka kwenye kiungo cha chuma. Kati ya mdomo wa bomba na kiungo kulikuwa na nafasi ya kiganja. Bomba lenyewe lilikuwa limekaza, ukiligonga linalia kama uzi wa zeze. Nilisimama pale na kuelewa mara moja. Nilikuwa nimelibana likiwa limerefushwa na jua, nikaliondolea mipindo ambayo lingeitumia, na usiku wa baridi lilipotaka kujikusanya halikuwa na pa kupata urefu. Likajivuta kutoka mikononi mwangu. Maji ya usiku mzima yalikuwa yamekwenda korongoni na tangi lilikuwa tupu.

Nikaanza kuunga. Nikachukua kipande, nikaweka, nikabana. Ndipo nikasikia yowe kutoka chini, upande wa ziwa. Nikasema moyoni kuna watu wanagombana. Skola, nikaendelea kukaza. Nilitaka maji yashuke kwanza ili nikishuka nishuke na heshima yangu. Yowe la pili likaungwa na mengine, nikajua si ugomvi, nikaacha spana, kiungo kikiwa kimeshashika, nikakimbia.

Nilipoingia kijijini hapakuwa na mtu. Wote walikuwa ufukweni. Mabomba yalikuwa wazi kama yalivyoachwa asubuhi, na wakati napita mbele ya nyumba ya Damasi hewa ikaanza kutoka. Ilikuwa sauti nzito, ndefu, ya mtu anayeita bila kutamka jina. Halafu maji yakaja, safi, yakamwagika juu ya udongo, na hapakuwa na ndoo chini yake.

Mitumbwi ilitafuta mpaka watu wakakata tamaa. Ilipatikana ndoo, na kitenge kimenasa kwenye gogo moja la ule uzio wa zamani. Hivyo ndivyo vilivyozikwa.

Nilikaa msibani pamoja nao. Watu walikuwa wakinipa pole kama mtu wa nyumbani, nami nikaipokea. Waombolezaji walipotawanyika nilimfuata Damasi kwenye karakana yake. Hakuwa anafanya kazi, amekaa tu juu ya ubao. Nikamweleza. Nikasema watu wanalilaumu lile bomba la zamani, na kwamba halihusiki.

Akauliza, "Kwa hiyo hili jipya ni baya?"

"Si baya, kaka. Ni mimi niliyelivuta."

Nilikuwa nimejiandaa anipige, na nadhani nilitaka anipige. Akasema, "Basi kalilegeze."

Alfajiri tulipanda wote wawili. Jiwe lilikuwa baridi. Tukalifungua bomba, tukaongeza urefu, tukalilaza kwa mipindo, huku na huku, hadi likaonekana tena kama kazi ya mlevi. Hakunisemesha. Mara moja tu aliniomba nimpe nyundo. Wanaume wa kijiji wiki ile wakaingia majini wakajenga uzio upya, na bomba likiwa linatoa maji. Hakuna aliyewaambia.

Ungedhani imeishia hapo. Kiangazi chanzo kilipungua, bomba likawa halijai vizuri, na hewa ikawa inakusanyika pale juu ya mwamba. Kila asubuhi maji yalipoanza kushuka, kabla ya tone la kwanza, kituo cha mbele ya nyumba ya Damasi kilitoa ile sauti. Kijiji kikaanza kusema ni Edita. Wengine wakaacha kuchota pale. Bibi mmoja alikuwa akipita anaisalimia. Mimi nilijua ni hewa, ningeweza kuchora mahali ilipokaa, na bado nilikuwa nakatisha sala zangu asubuhi nikiisikia. Hukuwahi kumsikia Edita, lakini ningekuwa na namna ya kukusikilizisha ungeelewa. Ilikuwa sauti nzito kidogo.

Nikaandika parokiani, nikaletewa vali ya kutolea hewa, nikaifunga kileleni mwa bomba. Ni kazi ndogo, ilipaswa kuwepo tangu mwanzo. Kesho yake maji yakatoka kimya. Nikashukuru Mungu, nikadhani nimekitendea kijiji wema.

Jioni Damasi akaja nilipokuwa nafunga vyombo vyangu.

"Ile sauti umeiondoa?"

"Nimeiondoa. Ilikuwa hewa tu, kaka."

"Najua ilikuwa hewa." Akatazama chini. "Yule mwanetu mdogo alikuwa anaweka sikio pale kila asubuhi, kabla hajanawa uso."

Nikamuuliza kama anataka niifungue ile vali. Akafikiri, nakuambia alifikiri kweli, kisha akasema, "Hapana. Iache. Tutazoea."

Nikarudi Mbinga, sikushika tena kazi ya mabomba. Wewe umekua ukijua kwamba baba yako ni mtu wa kahawa aliyeumia mgongo ujanani. Mgongo wangu ni mzima. Zile jioni za Juni, mabati yanapopoa na kulia juu ya vichwa vyetu, nami nikainuka kwenye kiti nikatoka nje, mama yako amekuwa akikuambia nakwenda kuangalia ng'ombe. Anajua ninakwenda kufanya nini. Ninasimama tu uani hadi mabati yanyamaze.

Sasa swali lako. Mahali litakapofukiwa, kwa kina cha kutosha, mchanga umelizunguka vizuri bila mawe, la kijivu halitakuaibisha, ila msilipime kwa nguvu ya msukumo wa maji iliyoandikwa juu yake; iliandikiwa maji ya baridi, na jangwani hakuna maji ya baridi. Jeusi nalo hulegea kwenye joto, hakuna plastiki isiyolegea. Juu ya majabali, juani, ningechukua jeusi. Ningetaka viungo vichomelewe kwa moto viwe mwili mmoja, na liachwe lipumue. Lifungwe saa ya ubaridi. Anayetaka linyooke umwache aseme.

Hilo ndilo jibu la fundi, na wahandisi wako watakuwa nalo tayari kwenye majedwali yao, tena bora kuliko langu. Lakini hukumuuliza mhandisi, uliniuliza mimi. Nami nikikumbuka ule mwaka, sioni kama nilikosea kwenye kuchagua. Nilipochagua vibaya, mbuzi alipasua bomba na watu wakanicheka, basi. Nilipochagua vizuri nikaacha kuwa na wasiwasi. Ningekuwa na hofu kidogo siku ile ningeliacha na mipindo yake. Ningemzuia mama wa watu asishike njia ile, ningekumbuka kwamba uzio umeoza.

Huko unakokwenda watu wana namna zao za kuishi bila maji mengi. Wana visima vya zamani, matangi, desturi ambazo utaziona kama mzigo. Bomba lenu likifika wataziacha, kama walivyoziacha wale wa kwetu, na hawatakuambia, kwa sababu wenyewe hawatajua kama wameziacha. Wewe uziulize mapema. Kaa na wanawake, kama lugha haitoshi kaa tu uone wanachota wapi. Siwezi kukufundisha zaidi ya hapo. Mimi mwenyewe niliishi nyumba moja na Edita na sikumwuliza.

Na ikitokea siku moja kitu ulichokifunga wewe kikachomoka, maana kazi ni ndefu na binadamu ni binadamu, ukisikia yowe uache spana. Maji yatasubiri. Halafu mtafute mwenye msiba, umwambie kwa mdomo wako kabla hajasikia kwa wengine. Siwezi kukuahidi kwamba utapona. Mimi sikupona. Lakini Damasi aliweza kunitazama, nami niliweza kumtazama, hadi alipofariki mwaka juzi, na nilishuka kumzika na wanawe wakanipa koleo pamoja na ndugu.

Nimeyaficha haya miaka yote kwa sababu nilipenda ulivyonitazama. Mtoto akimtazama baba kama mtu asiyewahi kukosea, ni raha, sitakuficha. Ulipochagua kusomea maji niliogopa, nikasema labda hii nyumba ina deni. Baadaye nikakuona unavyoshika kazi, unavyorudia kupima kitu ulichokwisha kupima, unavyokasirika ukiambiwa inatosha. Mama yako anasema ni ukaidi. Mimi nakuomba usiuache huko jangwani hata wakikucheka.

Nasikia sauti zenu njiani, mnarudi, na mama yako anacheka. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa koti lako, utaiona mkiwa mmeshapita Kitai. Kesho stendi nitakubebea begi, nitakuuliza kama umekula, nitasimama mbali kidogo na dirisha kama kawaida yangu. Usisubiri niseme kitu. Ukinikumbatia, kumbatia kwa nguvu, wala usijali watu.

Baba yako